Chemba ikiziba nyumba ya kupanga, nani atoe hela?

Mara nyingi huanza Jumamosi asubuhi, siku ya kufua. Familia ya ghorofani inamwaga ndoo ya tatu ya maji ya sabuni, na dakika chache baadaye maji hayohayo yanatokea chini, kwenye tundu la bafu la familia nyingine. Yanakuja na nywele, makombo ya wali na harufu isiyohitaji maelezo. Mtoto anayetambaa anabebwa haraka, mlango wa bafu unafungwa na tambara linasukumwa chini ya mlango.

Kufikia saa nne, wapangaji wako uani wamezunguka mfuniko wa chemba. Fundi ameshataja bei yake. Sasa nani anatoa hela?

Wa ghorofani anasema kwake maji yanashuka vizuri. Kijana anayeishi peke yake anasema yeye hutoka alfajiri na kurudi usiku. Mwenye nyumba, simu ikipokelewa, anasema wanaotumia choo ni wapangaji, si yeye. Mwishowe macho yanamgeukia mama mwenye mtoto mchanga, kwa sababu kila mtu anajua kwake kuna pampasi.

Wakati huo wote maji yanazidi kupanda.

Ugomvi huu unajulikana katika nyumba za kupanga za Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na kila mji ambako familia kadhaa hutumia bomba moja la majitaka. Jibu lake lipo, na sehemu yake kubwa imeandikwa kwenye sheria. Lakini kwa mzazi kuna jambo la kutangulia: deni linaweza kusubiri hadi mwisho wa mwezi, majitaka yaliyoingia ndani hayawezi kusubiri hadi kesho.

Anayeumia huenda siye aliyeziba

Maji hutafuta tundu lililo chini kuliko yote. Bomba la nje likiziba, maji ya nyumba nzima hujaa kwenye bomba hilo, kisha hupanda na kutokea mahali pa kwanza palipo wazi. Mara nyingi hapo ni bafu au choo cha familia ya chini.

Ndiyo maana wa juu hana haraka. Choo chake kinashusha maji kama kawaida, na anaposema kwake hakuna tatizo, anasema kweli. Asichokiona ni kwamba maji yake ndiyo yanayolowesha godoro la jirani.

Hivyo basi, kauli kwamba alipe yule ambaye kwake kumefurika haina msingi. Kufurika kunaonyesha tundu la chini liko wapi. Hakuonyeshi aliyetupa kitu ni nani.

Hatari kwa watoto

Majitaka hubeba vijidudu vya kuhara, homa ya matumbo, kipindupindu na mayai ya minyoo. Mtu mzima huvaa ndala na kuruka dimbwi. Mtoto wa mwaka mmoja hutambaa juu yake, kisha hupeleka vidole mdomoni. Anapoharisha, mwili wake mdogo huishiwa maji haraka kuliko wa mkubwa.

Kipindupindu hakihitaji muda mrefu. Dalili zinaweza kujitokeza ndani ya saa chache hadi siku tano baada ya kumeza vijidudu vyake. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea baadaye katika mikoa mingi ya nchi.

Historia ina mfano unaofanana na uani kwetu. Mwaka 1854, kipindupindu kiliua zaidi ya watu 600 katika eneo la Soho jijini London. Daktari John Snow alionyesha kuwa wagonjwa wengi walitumia maji ya kisima kimoja cha mtaa wa Broad Street. Uchunguzi wa baadaye ulikuta shimo la majitaka la nyumba namba 40, lililokuwa karibu na kisima hicho. Matofali yake yalikuwa yamechakaa na majitaka yalikuwa yakipenya kuelekea kisimani. Maji yaliyofuliwa nepi za mtoto mgonjwa wa nyumba hiyo yalikuwa yamemwagwa humo. Shimo bovu la nyumba moja lilifika kwenye vikombe vya mtaa mzima.

Kwa hiyo majitaka yakiingia ndani, watoto waondolewe kwanza, pamoja na vyombo, chakula na ndoo za maji ya kunywa. Wote waache kufua, kuoga na kumwaga maji hadi njia izibuliwe, wakiwamo wa ghorofani. Yakishatoka, sakafu isafishwe kwa maji na sabuni, kisha ipitishwe dawa ya klorini, ambayo wengi huiita jiki. Dawa hiyo isichanganywe kamwe na asidi ya kusafishia choo, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu. Anayesafisha avae glavu na viatu vilivyofunika miguu, na maji ya kunywa yachemshwe.

Mtoto akianza kuharisha, apewe maji ya ORS kidogo kidogo na mara kwa mara, na anayenyonya aendelee kunyonya. Kituo cha afya humpa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Akilegea, akishindwa kunywa, macho yakiingia ndani, akitapika kila kitu au kinyesi kikiwa na damu, au akiharisha maji mengi kama ya mchele, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sura ya 113, kifungu cha 88, inaweka wajibu wa mwenye nyumba katika kila upangishaji. Mmoja wa wajibu huo unahusu nyumba ambayo mpangaji amepangishwa sehemu tu ya jengo. Hapo mwenye nyumba anatakiwa kuweka katika hali nzuri paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu ya majitaka, na maeneo na miundombinu inayotumiwa na wote. Kifungu hichohicho kinamtaka ahakikishe nyumba ya kuishi inafaa kuishi watu.

Kenya ina maneno yanayokaribiana sana na hayo katika kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012.

Mpangaji naye ana wake. Kifungu cha 89 cha sheria ya Tanzania kinamtaka atunze alichopangishwa. Choo chake, sinki lake na bomba fupi linalohudumia chumba chake pekee viko mikononi mwake.

Ukiyaweka pamoja, gharama hugawanyika hivi:

Kimeziba ndani ya chumba kimoja, yaani sinki, bafu au choo cha familia moja: inalipa familia hiyo.

Njia ya pamoja imeharibika, kwa mfano bomba limepasuka, limelala bila mteremko, ni dogo kwa idadi ya watu, limeingiwa na mizizi au chemba imebomoka: analipa mwenye nyumba.

Njia ya pamoja ni nzima lakini mtu anayejulikana ametupa kitu: analipa huyo, kama kuna ushahidi.

Njia ya pamoja imeziba kwa matumizi ya wote, kama mafuta, nywele na uchafu mchanganyiko: kuitunza njia yenyewe ni kazi ya mwenye nyumba, lakini katika nyumba nyingi wapangaji huchanga kuizibua. Hapa mkataba ndio wa kusomwa kwanza.

Bomba kubwa la mtaani limeziba, kwa nyumba zilizounganishwa na mtandao wa majitaka: ni kazi ya mamlaka ya maji, kama DAWASA kwa Dar es Salaam. Pigeni simu kabla ya kumlipa fundi.

Nyumba nyingi hazijaunganishwa na mtandao huo, hutumia shimo. Shimo likijaa, gari la kunyonya huitwa na bei yake si ndogo. Baadhi ya mikataba humpa mwenye nyumba kazi hiyo, mingine huwapa wapangaji. Mkataba ukiwa kimya, ndipo ugomvi unapoanza.

Ziba iko wapi?

Kabla ya kunyoosheana vidole, dakika kumi za kuangalia zinaweza kumaliza nusu ya mabishano.

Kama sinki lako moja tu linasuasua na choo na bafu viko sawa, ziba iko kwako. Kama choo, bafu na sinki vyote vimegoma pamoja, au choo chako kinagugumia jirani anapomwaga maji, ziba iko kwenye njia ya pamoja.

Fundi afunue chemba moja baada ya nyingine, kuanzia iliyo karibu na nyumba. Chemba iliyojaa ikifuatiwa na iliyo kavu, ziba iko kati ya hizo mbili. Zikiwa zimejaa zote hadi shimoni, huenda shimo ndilo limejaa. Chemba iliyo wazi isiachwe bila mtu mzima pembeni yake hata kwa dakika moja, kwani mtoto huweza kutumbukia.

Na asiingie mtu shimoni kuzibua, hata akiwa amefungwa kamba. Hewa ya humo inaweza kumpoteza mtu fahamu kwa pumzi chache, na anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Dawa kali za kuzibua nazo huunguza ngozi na macho, zisiachwe mahali mtoto anapofika.

Kilichotoka kinasema nini?

Fundi akishavuta uchafu, upigwe picha kabla haujazolewa. Picha hiyo ina thamani kuliko maneno ya watu sita.

Likitoka donge jeupe gumu, hayo ni mafuta ya kupikia yaliyoganda, na kila jiko limechangia. Ukitoka mchanga na vipande vya saruji, chemba au bomba limebomoka. Ikitoka mizizi, bomba lina ufa. Hayo mawili ya mwisho ni ya mwenye nyumba.

Zikitoka pampasi, taulo za kike au vitambaa laini vya kufutia watoto, basi kuna mtu amevitupa chooni. Lakini pampasi moja haitaji jina. Kama nyumba ina watoto wachanga wawili, au wageni walikuja na mtoto wiki iliyopita, kumtoza mama mmoja kwa kuwa mtoto wake ndiye analia kwa sauti ni uonevu. Bila ushahidi, gharama hiyo ni ya wote.

Wazazi nao wana sehemu yao. Pampasi haiyeyuki, na hata vitambaa vile laini hukaa bombani kama nguo. Ndoo ndogo yenye mfuniko bafuni inatosha. Kinyesi kikung'utwe chooni, pampasi ifungwe na kupelekwa kwenye taka. Mafuta yaliyobaki kwenye kikaango yafutwe kwa karatasi, na sinki liwekewe wavu wa kuzuia makombo. Mtoto wa miaka miwili anayependa kutupa vitu chooni afungiwe mlango.

Kuchanga kwa kaya au kwa vichwa?

Tuseme gharama ni Sh90,000 na nyumba ina kaya tano zenye watu sita, wanne, wawili, wawili na mmoja. Jumla ni watu 15.

Mkigawana kwa kaya, kila moja inatoa Sh18,000. Kijana anayeishi peke yake analipa sawa na familia ya watu sita, na atalalamika. Mkigawana kwa vichwa, kila mtu ni Sh6,000. Kijana anatoa Sh6,000 na familia kubwa Sh36,000, nayo italalamika.

Hakuna njia isiyo na mlalamikaji. Njia nyepesi ni kutumia mgawanyo uleule mnaoutumia kwenye bili ya maji, kwa kuwa maji yaliyoingia ndiyo yanayotoka. Kama chumba kimoja hakina mpangaji, wengine wasibebeshwe fungu lake.

Kama jengo lina fremu za biashara, hesabu hubadilika. Saluni hutoa nywele na mgahawa hutoa mafuta mengi kuliko majiko yote ya nyumbani. Si haki familia zichange sawa nao. Mwenye nyumba aliyepangisha mgahawa juu ya bomba la nyumba ya kuishi anapaswa kuhakikisha umewekewa mtego wa mafuta na chujio, na biashara ibebe fungu kubwa.

Katika majengo ambayo kila aliyenunua sehemu ana hati yake, utaratibu ni mwingine. Huko wamiliki huchangia matunzo ya maeneo ya pamoja kupitia umoja wao, chini ya sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za jengo. Mpangaji wa humo aulize mapema kama mchango huo umo ndani ya kodi yake.

Zibueni kwanza, hesabu baadaye

Kosa linalozigharimu familia nyingi ni kusubiri mwafaka ndipo fundi aanze kazi. Siku ya pili watoto wawili wanaharisha, na nauli, dawa na siku za kazi zilizopotea vinazidi ile bei ya fundi.

Njia salama ni hii: mwenye nyumba apewe taarifa kwa maandishi siku hiyohiyo, apewe muda mfupi wa kujibu, na asipojibu wapangaji wachange, wazibue na kutunza risiti. Simu peke yake haitoshi, kwa sababu haina kumbukumbu ya kilichosemwa. Ujumbe kama huu unatosha:

"Shikamoo baba. Ni sisi wapangaji wako. Chemba ya uani imeziba tangu jana saa 2 usiku na majitaka yanaingia bafu la chini, kuna watoto wadogo. Fundi ametaja Sh90,000. Tunaomba utume fundi wako leo kabla ya saa 8 mchana, au uturuhusu tulipe sisi na tukate kwenye kodi inayofuata. Picha hizi hapa. Asante."

Utumwe kwa jina la wapangaji wote. Anayelalamika peke yake huogopa kuambiwa atafute chumba kingine, lakini ni vigumu kuwaambia hivyo watu watano kwa pamoja.

Kuhusu kukata kodi, tahadhari inahitajika. Wengi hulipa miezi mitatu au sita mbele, kwa hiyo hakuna cha kukata leo. Na anayejikatia bila makubaliano anaweza kuonekana mdaiwa wa kodi. Jibu la maandishi la mwenye nyumba, hata neno moja la kukubali kwenye simu, ndilo linalomlinda mpangaji.

Chemba ikiziba tena na tena ndani ya miezi michache, kuchanga kila mara ni kumsaidia mwenye nyumba kukwepa ukarabati. Wekeni orodha ya tarehe, gharama na kilichotoka. Ombeni fundi aandike anachodhani ni chanzo. Orodha hiyo ndiyo ya kumpelekea.

Akikataa kabisa, hatua ya kwanza ni ofisi ya serikali ya mtaa, ambako mwenyekiti huweza kuwaita wote wawili. Majitaka yanapotiririka, afisa afya wa kata anahusika moja kwa moja. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa uwezo wa kutoa notisi ya kuondoa kero inayohatarisha afya. Huyu ndiye wa haraka zaidi, kwani yeye haanzi kwa kuuliza nani ana deni. Mgogoro wa fedha wenyewe unaweza kupelekwa kwenye baraza la kata kwa usuluhishi, na ukishindikana, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Jambo moja lisifanyike: kufungulia shimo mvua inaponyesha, kile ambacho mitaani huitwa kutapisha choo. Ni kosa, na uchafu huo huishia kwenye uwanja ambao watoto wa jirani watacheza kesho.

Kabla ya kulipa kodi

Siku ya kuangalia chumba, dalali huonyesha vigae na feni. Mzazi aombe pia kuonyeshwa chemba na shimo. Amwage ndoo mbili za maji bafuni na chooni kwa pamoja, aone yanavyoshuka. Aangalie kama ukuta wa chini una alama ya maji yaliyowahi kupanda. Amuulize mpangaji wa zamani shimo lilinyonywa lini na nani alilipa.

Kisha kwenye mkataba yaongezwe maneno machache: bomba la pamoja na chemba hutengenezwa na mwenye nyumba, kunyonya shimo hulipwa na fulani, mwenye nyumba asipojibu ndani ya saa 24, wapangaji wanaweza kuzibua na kukata kodi kwa risiti. Wenye nyumba wengi hukubali wakiulizwa siku ambayo hela ya kodi iko mezani. Siku ambayo chemba imefurika, neno lilelile huonekana ni ugomvi.

Kwa waliokwisha kuhamia, bado hawajachelewa. Nyumba yenye kaya tano ikiweka Sh2,000 kila kaya kwa mwezi, baada ya miezi tisa ina Sh90,000 kwa mtu mmoja wanayemwamini. Hela hiyo haimwondolei mwenye nyumba wajibu wake. Inawawezesha kumwita fundi Jumamosi ileile asubuhi, bafu la chini likaushwe kabla ya jua kuzama, kisha wamdai mwenye nyumba kwa risiti Jumatatu, watoto wakiwa wazima.